Isimu ya lugha ya alama: muhula wangu mmoja Iringa

Mnaochagua masomo ya hiari, hili nililisoma mwaka jana katika chuo kimoja hapa Iringa. Jina naliweka kando. Nilijiandikisha nikidhani nitafundishwa alama. Wiki ya kwanza tukaingizwa kwenye fonolojia, yaani elimu ya mpangilio wa sauti za lugha. Fonolojia ya lugha isiyo na sauti? Nusu ya darasa tulicheka.

Kumbe ndipo penye utamu. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, alionyesha kuwa alama si picha tu ya kuchora hewani. Ina vipande: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Ukibadili kimoja, maana yaweza kuhama, kama "pata" inavyogeuka "bata" kwa sauti moja. Waliomfuata wakaongeza mwelekeo wa kiganja. Nikashangaa pia kuwa kiziwi wa Uingereza na wa Marekani hawaelewani kirahisi, ingawa majirani zao wote wanasema Kiingereza: alama za Marekani zina undugu na za Ufaransa. Basi na ya kwetu, Lugha ya Alama ya Tanzania, si Kiswahili cha mikono.

Kilichoniudhi: muhula mzima hatukuona kiziwi hata mmoja mbele ya darasa. Ni slaidi tu, na mtihani wa kuandika, eti "eleza kwa maneno umbo la mkono". Halafu kipindi saa moja asubuhi, mwezi wa saba, na baridi ya Iringa mnaijua. Darasa la lugha ya mikono, mikono yote mifukoni!

Kusema kweli, mikono yangu ilifunguka mgahawani Neema Crafts, ambako wahudumu ni viziwi. Siku ya kwanza nilitaka kuuliza kama chai ya maziwa ipo. Nikaonyesha alama zangu vizuri, uso mkavu kama wa mlinzi wa benki. Dada akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nikasubiri. Aliporudi akaninyanyulia nyusi zake, akanielekeza nifanye vivyo hivyo: bila nyusi nilikuwa nimemwarifu tu kwamba chai ipo. Ile slaidi ya sarufi ya uso nilikuwa nimeikariri neno kwa neno.

Nadharia naipa nyota nne, ufundishaji mbili. Ukilichukua, tenga na hela ya chai.