Kozi ya maadili ya utumishi wa umma: wiki sita za maana, mtihani wa hovyo

Niseme mapema, mi sikuingia kwenye hii kozi kwa hiari. Ofisini ilikuja barua kwamba kila mtu awe na cheti cha maadili kabla mwaka wa fedha haujaisha, tukapewa orodha ya kozi za mtandaoni tuchague wenyewe, mi nikachagua hii kwa sababu moja tu, ilikuwa fupi kuliko zingine. Wiki sita, video mbili tatu kwa wiki, mwalimu ni profesa mstaafu ambaye maisha yake yote kafanya utafiti wa utawala wa umma na maadili ya serikali. Nikajua ndo yaleyale, usipokee rushwa, usibebee matofali kwenye gari la ofisi, saini hapa, kwaheri.

Video ya kwanza mzee hakutaja rushwa hata mara moja. Kaanza na chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kile kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 tu baada ya kuruka, wakafa watu saba wote waliokuwa ndani. Nikasema sasa huyu mzee kapotea darasa au? Kumbe anakwenda kwenye usiku wa kabla yake. Mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni, walikuwa wamesema kwenye kikao cha simu kwamba kisirushwe, baridi ni kali, zile pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zitakakamaa. Watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, hawakufurahi. Kampuni ikaomba dakika chache ijadiliane peke yake, na humo ndani bosi mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uinjinia avae kofia ya umeneja. Wakarudi kwenye simu, jibu limegeuka, chombo kiruke.

Afu mzee anauliza, haya, hapa nani kala rushwa? Nani kaiba? Kipengele gani cha kanuni za maadili kimevunjwa? Akanyamaza, na ile video ina kimya kirefu kweli hapo, mi nilidhani bando limekata.

Mi nina miaka kumi na kitu masjala na kwenye dawati la wateja, semina za maadili nimekaa nyingi sijui idadi, na zote zilinifundisha kumwogopa mwizi. Hakuna hata moja iliyonifundisha kujiogopa mwenyewe nikiwa nafanya kazi yangu vizuri kabisa kwa mujibu wa taratibu. Hii kozi inakaa hapo, kwa watu wa kawaida, wapole, wasioiba, ambao wakishaunganishwa kwenye mnyororo mmoja wa saini wanatoa kitu cha kutisha na hakuna anayejiona kafanya kosa.

Humo ndo anamleta Dennis Thompson, mwanazuoni wa Marekani ambaye mwaka 1980 aliliandikia hili tatizo la mikono mingi. Kwamba uamuzi wa serikali unapita kwa watu wengi mno kiasi kwamba yakiharibika huwezi kumshika mmoja ukasema ni huyu. Wepesi wanasema basi mkubwa ndo abebe yote, wengine wanasema basi ni wote, na Thompson anaona majibu yote mawili ni njia ya kukwepa. Yeye anarudi kwa mtu mmoja mmoja na kuuliza, ulichangia, kwa kutenda au kwa kutotenda? Ulikuwa hujui, na kutokujua huko kunasameheka? Ulilazimishwa? Kama ulichangia na huna udhuru kwenye hayo mengine, una sehemu yako, hata kama mlikuwa ishirini. Afu mwaka 1985 akazifungua zile sentensi mbili ambazo nadhani kila ofisi duniani zinasemwa kwa lugha yake, ya kwanza mimi natekeleza tu, ya pili hilo ni la taasisi sio langu. Mzee kazisoma zote mbili kwa sauti, mi nikacheka kwa aibu maana ya pili niliisema wiki hiyohiyo.

Naomba niwaambie ilikuwaje. Kuna mama mjane alikuwa anafuatilia mafao ya marehemu mumewe, jalada limezunguka meza sita. Kila meza imeandika dokezo, kila dokezo limeisha na "naomba maelekezo yako", na maelekezo yaliyorudi ni "shughulikia kwa mujibu wa taratibu". Folio zimejaa, mwandiko mzuri, mihuri imekaa sawa, ukimleta mkaguzi atatupa sifa. Mama hana kitu mwaka wa pili. Siku kaja dirishani kwangu nikamwambia, mama, hili suala ni la idara sio langu. Na meza ya nne, jamani, ilikuwa yangu, dokezo lile niliandika mimi kwa mkono wangu!

Turudi kwenye kozi.

Wiki ya pili ndo bora kuliko zote na ningependa iwe ndefu zaidi, nasema hivyo mtu ambaye alichagua kozi kwa ufupi wake. Ni ugomvi wa kitaaluma wa mwaka 1940 na 1941 kati ya Carl Friedrich, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa anafundisha Harvard, na Herman Finer kutoka Uingereza. Swali lao ni moja, nini kinamzuia mtumishi wa serikali asifanye vibaya? Friedrich anasema sheria haiwezi kuona kila kitu mapema, kazi za serikali zimekuwa za kitaalamu mno, mwisho wa siku unategemea dhamira ya mtumishi mwenyewe, utaalamu wake na wenzake wa fani wanaoweza kumwambia hapa umekosea, pamoja na kusikiliza wananchi wanataka nini. Finer anamjia juu, anasema dhamira ya mtu sio breki, mtumishi adhibitiwe kutoka nje, na bunge, na mahakama, na sheria, maana ukimwachia aamue mwenyewe lipi ni jema kwa wananchi ndo umeanza kumlea dikteta. Na kumbukeni wanaandika haya vita ya pili ya dunia inaendelea, huyo dikteta sio wa mfano tu.

Profesa kagawa video mbili, kwenye ya kwanza anamtetea Friedrich kama wakili aliyelipwa, kwenye ya pili anamtetea Finer vilevile, na hasemi yeye yuko wapi. Mi nilihama upande mara tatu. Nikifikiria bosi mmoja niliyewahi kufanya naye kazi aliyekuwa anaamini kabisa kwamba anachotaka yeye ndo maslahi ya umma, naenda kwa Finer mbio. Nikifikiria yule mama na taratibu zetu sita zilizofuatwa zote, narudi kwa Friedrich. Mpaka leo sijatulia na sioni kama nitatulia karibuni.

Wiki ya tatu ni Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, na urasimu, nyie mliosoma utawala mnaijua, ngazi za vyeo, kanuni zilizoandikwa, majalada, mtu aajiriwe kwa sifa. Anaeleza vizuri kwamba Weber hakuuona urasimu kama ugonjwa, aliuona ni mashine yenye nguvu na papo hapo akaiogopa. Halafu anaunganisha na majaribio ya mwanasaikolojia Stanley Milgram pale chuo kikuu cha Yale, Marekani, yaliyoanza 1961, yale ya watu kuambiwa wambonyezee mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, shoti zilikuwa za uongo ila wao hawajui, na 26 kati ya 40 wakafika mpaka mwisho, volti 450, kwa sababu tu mtu mwenye koti la maabara kawaambia endelea.

Hapa nina ugomvi na mzee. Milgram alirudia lile jaribio kwa namna nyingi, na kwenye mojawapo alimweka mhusika pamoja na wenzake wawili ambao walikuwa wamepangwa wagome katikati. Wale wawili wakigoma, waliofika mwisho ni 4 tu kati ya 40! Yaani kutoka 26 mpaka 4, kisa jirani yako kasema mi siendelei. Kwa mtu wa ofisini hii ndo habari yenyewe, hii ndo ungeipigia ngoma wiki nzima, ila yeye kwenye video kamaliza na ile 26 akaacha kila mtu kanuna, hiyo nyingine kaitupa kwenye faili la kusoma kwa ziada ambalo nina uhakika robo tatu ya darasa hawakulifungua. Sijui kwa nini. Labda watafiti wa maadili nao wanapenda stori mbaya.

Wiki ya nne ruka. Sio kwamba haina vitu, ina vitu vingi mno na vyote vimesomwa kutoka kwenye slaidi. Sheria ya maadili serikalini ya Marekani ya mwaka 1978 iliyotungwa baada ya Watergate, ile kashfa iliyomwangusha Rais Nixon, kamati ya Lord Nolan ya Uingereza na kanuni zake saba za maadili ya watumishi wa umma za mwaka 1995, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na rushwa wa mwaka 2003 ulioanza kutumika 2005. Zimepangwa kama vipindi vya shule. Kitu kimoja tu kimenibakia, ile fomula ya Robert Klitgaard, mtafiti wa rushwa wa Marekani, kwamba rushwa ni ukiritimba ukijumlisha mamlaka ya kuamua utakavyo ukitoa uwajibikaji. Hiyo unaweza kuichukua ukaipitisha ofisini kwako meza kwa meza ukajua kesi ijayo itatokea wapi, mi nimeshafanya na majibu nabaki nayo.

Ya tano kapata tena moto, Michael Lipsky, mwanazuoni wa siasa wa Marekani, na utafiti wake wa mwaka 1980 kuhusu wale watumishi wanaokutana na mwananchi uso kwa uso, mwalimu, polisi, nesi, karani wa dirishani. Hoja yake ni kwamba sera sio ile iliyoko kwenye waraka, sera ni kile anachofanya karani mwenye foleni ya watu tisini na saa mbili za kuwahudumia. Kwa sababu muda na nyenzo hazitoshi, tunajitungia mbinu, huyu anaonekana msumbufu apite haraka, huyu fomu yake ina kosa dogo arudi kesho. Njoo kesho ni sera, jamani. Hakuna waziri aliyeitunga, tumeitunga sisi. Na hapa namsifu profesa kwamba hakumgeuza karani kuwa shetani, kaonyesha pia namna mtu mzuri anavyochakaa taratibu kwa wingi wa watu, kaongea kama mtu aliyewahi kukaa upande wa ndani wa dirisha.

Wiki ya sita ni ya kukataa amri na kutoa taarifa, na ndo imeniangusha. Mfano wake mkubwa ni Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 1973, Rais Nixon anamwambia mwanasheria mkuu Elliot Richardson amfukuze Archibald Cox aliyekuwa anachunguza Watergate, Richardson anakataa na kujiuzulu, naibu wake Ruckelshaus naye vilevile, mwisho Robert Bork, aliyewafuatia hao wawili kwa cheo, anaitekeleza. Stori nzuri sana. Lakini wale ni wakubwa, wana majina, wakitoka pale simu za kuwapa kazi zinalia. Karani mwenye mkopo wa nyumba na watoto watatu shuleni anajiuzulu kwenda wapi? Na Roger Boisjoly, mmoja wa wale mainjinia wa Challenger aliyeitolea ushahidi tume ya uchunguzi, mzee katueleza kwa furaha kwamba mwaka 1988 alipewa tuzo ya uhuru na wajibu wa kisayansi, ila kwamba wenzake kazini walimtenga mpaka akaondoka, hiyo kaipitia kwa sentensi moja. Mi nilitaka saa nzima kwenye hiyo sentensi. Unaanzia wapi? Unaandika dokezo la namna gani ili pingamizi lako libaki kwenye jalada? Unamwambia nani kwanza? Hamna.

Huduma yenyewe sasa. Video zinapakuliwa vizuri hata kwenye simu ya kawaida, sauti safi, maandishi ya chini yapo japo majina ya watu yanaandikwa vituko. Wasaidizi wa profesa ukiuliza swali wanajibu baada ya siku nne, na mara mbili nilijibiwa swali la mtu mwingine. Mtihani ni aibu, maswali ya kuchagua a b c d, jibu karibu kila mara ni "yote hapo juu", ukifeli unarudia mpaka ufaulu. Na hili nilicheka peke yangu: majibu ya mtihani wa maadili yalizunguka kwenye grupu la ofisi siku ya pili tu, hakuna aliyekiri kuyaanzisha, kila mtu anasema yeye alitumiwa akawatumia wengine. Mikono mingi kabisa! Mi yalinifikia pia. Sikuyatumia, ila sikusema kitu kwenye grupu.

Nyota nne kasoro, na hiyo kasoro ni ya wiki ya sita. Anayetaka cheti tu atakipata bila jasho. Anayetaka kozi yenyewe aanze na wiki ya pili, halafu ya kwanza na ya tano, na asihangaike na ile slaidi ya kanuni saba. Lile faili la ziada la wiki ya tatu liko chini kabisa ya ukurasa, limefunikwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua cheti, shusha taratibu utaliona.