Filta ya koni na pakiti ya jeti kwenye CG 150: kipi kilistahili hela yangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila ninapoulizwa kijiweni. Filta ya koni, ile ya hewa inayochomekwa kwenye kabureta ya pikipiki badala ya boksi la kiwandani, niliipata Kariakoo kwa shilingi 18,000 baada ya kubishana kutoka 25,000. Pakiti ya jeti kumi za kabureta, yaani vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia mafuta, 12,000. Kifilta kidogo cha pumzi ya injini pamoja na kibana cha chuma, 6,000 vyote. Ukinibana nichague kimoja tu hapo, nachukua jeti, koni nakuachia. Na sisemi hivyo kwa sababu koni ilikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake sawasawa, ila kazi yenyewe siihitaji kwa mizunguko ya Dar.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini ya CG 150 yenye kabureta ya PZ27. Ukoo wake unatoka kwenye Honda CG125 ya mwaka 1976, injini ambayo Honda waliiwekea fimbo za kusukuma valvu badala ya mnyororo, wakilenga nchi ambazo oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Ndiyo maana zimejaa huku kwetu na zinavumilia mambo mengi. Siifanyii bodaboda, naenda nayo kazini kutoka Goba, na mara nyingi nampakia shemeji yenu mpaka Mwenge. Shida yangu ilikuwa kilima cha Makongo Juu: gia ya tatu, watu wawili, mkono wa mafuta umefika nusu, na pikipiki inakosa pumzi. Ukiongeza mafuta haiongezi mwendo, inaongeza mlio tu.

Fundi kijiweni akasema dawa ni koni. Mafundi wengi watakwambia hivyo, na hoja yao si ya uongo: boksi la filta la kiwandani lina mdomo mdogo, hewa inajipenyeza. Toa boksi, chomeka koni moja kwa moja nyuma ya kabureta, injini inavuta hewa inavyotaka.

Kuifunga hakukunipa shida. Unatoa vifuniko vya pembeni, unalegeza betri, boksi linatokea upande mmoja ukilipinda kidogo. Ila kabla hujalipia koni pima mdomo wa kabureta yako kwa nje. Madukani zipo za milimita 35, 38, 42 na kuendelea, na muuzaji atakuapia kwamba zote zinaingia. Yangu ilitaka 38. Ukichukua kubwa ukaikaza kwa kibana, mpira unajikunja upande mmoja na vumbi linapita hapo hapo bila kuchujwa. Kingine ambacho hukuti kwenye boksi la bidhaa: kwenye pikipiki yangu, mpira wa pumzi unaotoka kwenye injini ulikuwa umechomekwa kwenye lile boksi ulilotoa. Sasa unabaki unaning'inia, unatema mvuke wa oili juu ya injini. Ndiyo kazi ya kile kifilta kidogo.

Kwanza niliiendesha na koni tupu, jeti ya kiwandani ikiwa ndani, makusudi, nione nauziwa nini. Mlio ni mtamu, siwezi kukataa. Injini inanguruma kwa mbele kama pikipiki kubwa na vijana wa kituoni wanageuza shingo. Baada ya hapo ni matatizo. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kugusa mkono wa mafuta, inapanda yenyewe na haishuki haraka ukiachia mafuta. Ukifungua mkono ghafla kuna sekunde injini inasita, kama inafikiria. Ukishuka kilima umeachia mkono wa mafuta, ekzosi inapiga mafataki. Nikachomoa plagi, D8EA ya kawaida, ncha yake nyeupe kama chokaa. Hiyo ni injini inayokula hewa nyingi kuliko mafuta.

Sababu yake ni rahisi. Petroli inahitaji hewa gramu 14.7 hivi kwa kila gramu moja ya mafuta ili iungue yote, na injini ikifanya kazi nzito inataka mafuta zaidi ya hapo. Kabureta haina akili ya kupima; inategemea mvuto wa hewa ipitayo kunyonya mafuta kupitia vitundu vilivyotobolewa kwa hesabu ya boksi la kiwandani. Ukitoa boksi, hewa inapita kirahisi, mvuto juu ya kitundu unapungua, na mafuta hayaongezeki kulingana na hewa. Injini inayoendeshwa hivyo kwa nguvu inachemka, na kwenye joto la Dar inaweza kunoki mbele ya macho yako. Kwa hiyo anayekuuzia koni bila kutaja jeti amekuuzia nusu ya kazi.

Fundi alikuwa na jibu la hilo pia: achomoe uzi mmoja wa waya wa klachi, apanue kitundu cha jeti kwa kusokota. Nilimshukuru nikaondoka na jeti yangu. Jeti ni shaba laini, na namba iliyogongwa juu yake kwenye aina hizi ndiyo kipimo cha tundu kwa sehemu ya mia ya milimita: 98 ni milimita 0.98. Tundu lenyewe lina kuta laini na mdomo uliochongwa. Ukilikwangua kwa waya huna tena namba, huna umbo, na huna pa kurudi. Halafu kuna hesabu ambayo wengi wanairuka. Kutoka 98 kwenda 110 unaona kama umeongeza kidogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 26. Ndiyo maana napendelea pakiti yenye namba nyingi zilizokaribiana, upande hatua kwa hatua.

Kazi yote nilifanyia barazani, mbali na jiko la mkaa (mama mwenye nyumba alihamisha maharage yake kwa manung'uniko). Unafunga koki ya mafuta, unalegeza skrubu ya chini unamwaga petroli ya kwenye kibakuli, kisha unazungusha kabureta kwenye mpira wake uone chini. Skrubu za kibakuli zinatoka kwa bisibisi ya nyota inayokaa vizuri. Jeti kuu iko katikati, na hapa usiwe na haraka: tafuta bisibisi bapa inayojaza mfereji wote wa jeti, isukume kwanza, ndipo uzungushe. Ikiteleza mara moja mfereji unakwanguka, na ya pili hutoi tena bila kutoboa. Ikishalegea inatoka kwa vidole, ndogo kuliko punje ya mahindi. Kuirudisha ni kwa vidole mpaka mwisho, kisha kaza kidogo tu. Haitaki nguvu za kufungua nati za tairi.

Nilichojifunza kwenye zoezi lote ni kwamba jeti kuu siyo inayokuendesha mjini. Nilibandika plasta nyeupe kwenye mkono wa mafuta nikachora alama za robo, nusu na robo tatu. Jeti ndogo na skrubu ya hewa zinashughulika na sailensi na mwanzo wa mkono. Sindano, ile inayopanda na kushuka katikati ya kabureta, inatawala kuanzia robo mpaka robo tatu. Jeti kuu inaanza kusema kwa uzito baada ya hapo. Sasa jiulize, Dar hii, kati ya Mwenge na Posta saa mbili asubuhi, robo ya mwisho ya mkono unaifungulia wapi? Plasta yangu ilinionesha kwamba karibu safari nzima nipo chini ya nusu. Hata kilima cha Makongo, ugonjwa wangu ulikuwa kwenye nusu, yaani kwenye sindano.

Sindano ya PZ27 ina mikato mitano na klipu moja. Ukihamisha klipu mkato mmoja kwenda chini, sindano inakaa juu zaidi na mafuta yanaongezeka. Hiyo haihitaji kununua chochote. Unafungua kofia ya juu ya kabureta, unabana springi, unachomoa waya wa mafuta, klipu hiyo hapo. Ishikilie kwa kidole gumba, maana ikiruka mchangani umeipoteza. Klipu kutoka mkato wa tatu kwenda wa nne, na lile kusita lote likaisha. Gia ya tatu pale kilimani sasa inavuta ukiiomba.

Jeti kuu niliipima kwa plagi. Jumapili alfajiri, barabara ya Bagamoyo ukishavuka Bunju kuelekea Mapinga, mkono wazi wote kwenye gia ya tatu kwa umbali kidogo, kisha unabana klachi, unazima injini hapo hapo na kuserereka pembeni. Ukichomoa plagi baada ya kutembea na sailensi mpaka nyumbani, unachosoma ni sailensi. Na koni, 105 ilileta rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba hewa na mafuta vimelingana. 110 ilileta masizi na pikipiki ikawa nzito juu kabisa.

Sasa mbona koni nimeitoa? Vumbi na maji. Njia zetu za ndani Goba ni mchanga mwekundu, na koni inakaa wazi pale nyuma ya injini ikipokea kila kinachorushwa na tairi. Ndani ya mdomo wake nilipitisha kitambaa cheupe kikatoka na rangi ya udongo. Maana yake vumbi lilikuwa linafika kwenye ringi na silinda. Mvua za masika ndizo zilizomaliza ubishi: kwenye dimbwi moja la maana pikipiki ilikohoa na kuzima mpaka nikaivua koni na kuikung'uta. Lile boksi la kiwandani watu wanalolidharau linavuta hewa kutoka juu, chini ya siti, na ujazo wake unaipa kabureta hewa iliyotulia.

Nilirudisha boksi na sponji mpya ya 4,000 iliyolowekwa oili kidogo, jeti 100, klipu ikabaki mkato wa nne. Mafuta: kabla ya yote nilikuwa napata kama kilomita 40 kwa lita, na koni pamoja na 110 zilishuka hadi 32 hivi, sasa nipo karibu na 38. Napima kwa kujaza tangi hadi shingoni kituo kile kile.

Kuhusu ubora wa pakiti ya jeti: siyo nzuri sana. Nilifunga jeti kwa kipande cha mpira wa mafuta kwenye bomba la sindano la hospitali, nikajaza petroli mililita 20 na kuhesabu sekunde. Nyingi zilifuatana vizuri, ila 105 na 108 ziliisha kwa muda ule ule. Kwa 12,000 naikubali, lakini pima kabla hujaamini namba.

Wenye kabureta za vakyumu, zile zenye kofia kubwa juu na kiwambo cha mpira ndani, koni huwa inazisumbua zaidi ya hii, kwa sababu sindano yao inapandishwa na mvuto wenyewe wa hewa. Na nyingi hazina mikato kwenye sindano, unaweka washa (kipete chembamba cha chuma) chini yake. Kama pikipiki yako ni ya injekta, pakiti hii haikuhusu kabisa.