Waliniambia nifute diski yenye kazi yangu ya miaka kumi na miwili

Nilitaka hasira ipungue kwanza ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Anayetaka kujua ukubwa wa diski hii ya kubebeka ya kuhifadhia mafaili, kasi yake na rangi zake, hayo yote yamechapwa kwenye boksi. Mimi nimekuja kueleza siku nne, au tano, nilizokaa nje ya mlango wa vitu vyangu mwenyewe, na mtu wa huduma kwa wateja ambaye kwa upole kabisa aliniambia nifute kila kitu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Humo ndani mna maandalio ya masomo ya miaka kumi na miwili, mitihani niliyoitunga swali kwa swali, majibu yake, ramani nilizochora kwa mkono nikaziskani usiku nyumbani kukiwa kimya, na orodha za alama. Hizo alama ndizo zilizonifanya niweke nywila tangu siku ya kwanza. Diski ni ndogo, inaingia mfukoni, inaweza kuanguka popote. Akiiokota mtu, sitaki asome mtoto gani alipata sifuri.

Diski za namna hii, ukiichomeka, hujionyesha kwanza kama kitu kidogo tu, mfano wa sidii, na ndani ya hiyo sidii kuna programu ya kufungulia. Unaibofya, unaandika nywila, ndipo sehemu kubwa yenye mafaili inatokea. Nimefanya hivyo kila asubuhi kwa miaka mingi na sijawahi kupoteza faili hata moja. Hili nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitasema maneno makali, na chuma chenyewe hakina kosa.

Basi, kama mwezi mmoja uliopita nilikubali sasisho la mfumo endeshi. Kompyuta yangu ni Mac ya zamani aliyoniachia dada yangu, nami nilikuwa nimechelewa mno kusasisha. Niliruka moja kwa moja hadi macOS Catalina, ule mfumo wa 2019 ambao haufungui tena programu za biti 32, yaani zile za muundo wa zamani. Jioni ile sikuyajua hayo. Nilichokiona ni kijitaa cheupe kinapepesa, ile sidii imetokea kama kawaida, nabofya programu, na dirisha linasema programu hii inahitaji kusasishwa na aliyeitengeneza. Chini yake kitufe cha sawa. Ukikibonyeza dirisha linafungwa, na hapo ndipo mwisho. Mitihani ya muhula ilikuwa inaanza wiki ileile.

Nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, nikapakua toleo jipya. Hilo lilifunguka, likajipamba kwenye skrini nzima, kisha likaandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna diski iliyounganishwa. Diski iko mezani mbele yangu. Nimeiwekea kiganja juu na naisikia inavuma. Nikabadilisha kebo, nikahamia tundu la pili, nikazima kompyuta nikaiwasha, nikaondoa programu nikaisimika upya. Hakuna diski iliyounganishwa. Nilienda na diski hadi kwa dada yangu nikajaribu kwenye kompyuta yake mpya, nayo Mac, na jibu likawa lilelile.

Ndipo nikafungua dirisha la chati.

Aliyenipokea kwanza ni roboti. Nilieleza tatizo kwa aya nzima, nikaletewa viungo vitatu vya makala za jinsi ya kuchomeka diski. Niliandika kwamba nataka mtu. Nikaletewa viungo vingine viwili. Niliandika neno mtu peke yake, mara tatu, na baada ya kusubiri nusu saa hivi mtu akaja. Akanisalimu, akasema anaelewa jinsi hali hii inavyonisumbua, akaomba namba ya utambulisho wa diski. Namba hiyo imechapwa upande wa chini kwa maandishi madogo kuliko punje ya mchele, kijivu juu ya nyeusi. Ilibidi niipige picha kwa simu na kuikuza ndipo nijue kama ile ni herufi O au sifuri. Nikaituma. Akashukuru. Dakika kadhaa baadaye akaniomba namba ya utambulisho wa diski.

Nilituma tena, pamoja na picha ya skrini yenye lile dirisha la kwanza. Nataka mlione hili vizuri: picha ile ilikuwa na jibu lote. Ilionyesha programu iko kwenye sidii, ilionyesha ujumbe wa mfumo, ilionyesha jina la mfumo. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku angepaswa kuitambua kama mimi ninavyotambua mwandiko wa mwanafunzi wangu. Aliniuliza kama nimejaribu kebo nyingine. Nikasema ndiyo. Kompyuta nyingine? Nikasema ndiyo, ya dada yangu. Hakuuliza hiyo ya dada yangu ina mfumo gani. Swali moja tu hilo, na mimi ningelala usingizi usiku ule.

Vinukta vitatu vya mtu anayeandika vilionekana, vikapotea, vikaonekana tena. Kisha likaja jibu refu, lenye hatua zilizopangwa vizuri, la jinsi ya kufuta diski kwa kuingiza nywila isiyo sahihi mara tano, kuchomoa na kuchomeka, kuendelea kukosea hadi nipewe chaguo la kufuta, kisha kuifomati upya. Mwishoni akaandika: baada ya hapo diski yako itafanya kazi kama mpya.

Mwili ulinisisimka. Ngoja nieleze kwa nini, maana wengi hawajui na mimi mwenyewe nilijua kwa bahati, baada ya kusoma karatasi iliyokuja kwenye boksi. Kwenye diski hizi programu haifungi chochote. Anayefunga ni chipu ndogo iliyo ndani ya kasha, kwenye saketi inayobeba tundu la USB. Kila kinachoandikwa kwenye diski hupita kwenye chipu hiyo na kusimbwa, yaani kugeuzwa kuwa maandishi ya siri, kwa ufunguo wa biti 256. Programu ni mjumbe tu. Inachukua nywila kwako na kuipeleka kwa chipu. Sasa ukifuata hatua zile za kufuta, chipu inatupa ufunguo wa zamani na kutengeneza mwingine. Mafaili bado yamo kwenye chuma, lakini yamegeuka kuwa uchafu usiosomeka milele. Zile programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa hazina la kurudisha. Fundi akilitoa chuma kwenye kasha na kulichomeka kwingine anakuta uchafu uleule. Na huyu bwana, au bibi, alinipa maelekezo hayo bila neno moja la onyo kwamba data yote itapotea. Hakuna hata sentensi.

Mtu asiyesoma ile karatasi angefuata. Mtu mwenye haraka, mwenye mitihani kesho, anayeamini kwamba anayemjibu anajua kazi yake, angefuata hatua kwa hatua, na mwisho angeshukuru kwa huduma.

Nikamwandikia: je, nikifanya hivyo mafaili yangu yatabaki? Akajibu kwamba dhamana inahusu kifaa na haihusu data. Sikuwa nimeuliza habari ya dhamana. Nikauliza tena, safari hii nikieleza mimi ni nani na humo ndani mna nini. Nilikuwa katikati ya sentensi, nakumbuka nilikuwa naandika neno wanafunzi, dirisha likawa kijivu. Mazungumzo yamefungwa. Dakika hiyohiyo ikaingia barua pepe yenye namba ya kesi na hali yake: imetatuliwa. Chini nyota tano tupu na ombi kwamba nitathmini jinsi nilivyosaidiwa.

Sijui kama alibonyeza kwa makusudi au alihesabiwa dakika na zikaisha. Nimejaribu kumfikiria kwa wema. Inawezekana ana madirisha kumi mbele yake na msimamizi anayemhesabia, na majibu yale anayanakili kutoka mahali fulani alipoambiwa ayanakili. Basi hasira yangu naihamishia kwa aliyeandika majibu hayo, aliyekaa na muda wote, bila mteja anayelia mbele yake, akaandika hatua za kuteketeza kazi ya mtu na hakuona haja ya kuweka onyo. Lakini kufungiwa dirisha nikiwa naandika, hilo linabaki kwa yule yule. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaruhusiwa kumaliza sentensi.

Nilirudi mara mbili zaidi. Watu tofauti, namba ya utambulisho upya, salamu zilezile hadi kwenye nukta. Wa tatu alinitumia hatua zilezile za kufuta.

Aliyenitoa ni mwalimu mwenzangu wa hisabati. Alinikuta ofisini na uso umenishuka, akauliza kuna nini, nikamweleza. Akaiangalia diski, akaigeuza, akasema, "Mwalimu, hiyo sidii yake si ina programu ya Windows pia?" Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Ndani ya ile sidii, kando ya programu ya Mac iliyonigomea, ilikuwapo ya Windows, imekaa pale miaka yote na sijawahi kuigusa. Akaibofya, akanisogezea kibodi, akageuza uso pembeni nisione haya kuandika nywila mbele yake. Nikaandika. Folda zikajipanga. Darasa kwa darasa, mwaka kwa mwaka, pamoja na ramani zangu. Kwa bahati njema siku niliyoinunua niliifomati kwa exFAT, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, ili isomeke kwenye mifumo yote miwili, kwa hiyo hakukuwa na kikwazo kingine. Tukaingia kwenye mipangilio, tukaondoa nywila, na mafaili yakabaki kama yalivyo. Nilipoichomeka kwenye Mac yangu ikafunguka yenyewe, bila programu yoyote.

Robo saa haikutimia. Tafuta kompyuta yenye Windows, fungua, ondoa nywila. Sentensi moja, ambayo watu watatu wanaolipwa kwa kazi hiyo hawakuijua au hawakuisema.

Sasa nifikie hukumu, na hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Diski ni nzuri. Ni tulivu, haipati joto, imeanguka mara moja kutoka kwenye dawati ikaendelea kufanya kazi. Ule usimbaji wenyewe ni jambo la heshima. Sitaki kampuni iwe na ufunguo wa akiba wa kufungulia alama za wanafunzi wangu, na kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Kama ningeulizwa habari ya chuma peke yake ningetoa nyota nne bila kusita.

Halafu naikumbuka ile programu. Apple ilikuwa inawaonyesha watumiaji onyo la programu za biti 32 tangu 2018. Watengenezaji wa diski walikuwa na muda wa kutosha kumtumia kila mteja aliyejisajili barua pepe moja: kabla hujasasisha, ondoa nywila, au simika toleo hili. Mimi nilijisajili. Barua pepe zao za kuniuzia diski kubwa zaidi nazipata kila mara. Nikikumbuka hilo nyota nne zinashuka hadi mbili, na nikikumbuka lile dirisha likigeuka kijivu zinashuka tena.

Mtaniuliza kuhusu nakala ya akiba. Nilikuwa nayo, kwenye flashi, ya mwaka uliotangulia. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyesambaza kanuni ya kuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyingine, na tangu jioni ile naifuata. Lakini kukosa nakala mpya hakumpi mtu ruhusa ya kuniambia nifute ile niliyonayo.

Je, uinunue? Kama hutaweka nywila, nunua, utaipenda. Kama utaweka, na mimi nasema mwenye siri za watu aweke, basi tafuta programu ya kusimba isiyofungwa na diski ya kampuni moja. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Au tuseme hivi: usiinunue hadi wabadilishe yale majibu yao. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema uinunue kwa tahadhari. Nimefika hapa na siwezi.

Nimewaandikia mara mbili kuwaomba jambo dogo, kwamba ile kesi yangu ibadilishwe kutoka imetatuliwa kuwa haikutatuliwa, na kwamba waongeze onyo kwenye zile hatua za kufuta. Mara ya kwanza roboti alinishukuru. Mara ya pili bado nasubiri. Leo asubuhi nimeingia tena kuangalia: imetatuliwa.