Kliniki ya ubongo na akili ya watoto: nyota nne, ya tano imepotelea kwenye foleni

Nilimpeleka binti yangu wa miaka minane tukiwa tumeshachoka. Mwalimu alilalamika kwamba haandiki imla vizuri, anaruka maneno mawili matatu kisha anaendelea kama kawaida. Nyumbani nami nilikuwa namgombeza: namwita, ananikodolea macho tu. Kituo cha kwanza walisema ni kifafa, wakampa kabamazepini, na hali ikazidi. Kumbe dawa hiyo inatuliza vifafa vingine, lakini hiki cha kupotea sekunde chache inaweza kukichochea.

Daktari wa hapa hakuanza na mimi. Alivuta kiti akamwuliza mtoto, "Ukirudi, huwa unakuta wenzako wamefika wapi?" Akajibu, "Nakuta ubao umeshafutwa." Mwaka mzima mimi sikuwahi kumwuliza.

Wakambandika kichwani nyaya za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, wakamshikisha pangaboi la karatasi alipulize mfululizo kwa dakika tatu. Dakika ya pili likasimama. Macho wazi, kope zinacheza. Daktari akamwambia taratibu, "Tembo." Baada ya sekunde nane hivi pangaboi likaanza tena kuzunguka. Neno "tembo" hakulisikia kabisa. Kwenye skrini mawimbi yenye ncha yalikuwa yamejipanga, matatu kila sekunde, kama meno ya msumeno. Nilitoka nje kidogo. Nilikuwa nimekumbuka makofi mawili niliyompiga kwa "kiburi" chake.

Akaandikiwa ethosuksimidi, dozi ikipandishwa kidogokidogo, na ile ya zamani ikapunguzwa kwa ratiba, maana dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Nikauliza kwa nini si valproati, niliyokuwa nimeisikia. Nikajibiwa bila kubezwa: utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha zote mbili zinazuia kifafa hiki karibu sawa, ila valproati huvuruga umakini zaidi, tena ni hatari kwa mimba, na huyu ni msichana, atakua. Tumbo lilimsumbua wiki mbili, tukaambiwa ameze baada ya kula, likatulia.

Chumba cha pili yuko mwanasaikolojia, na hapa ndipo walipowazidi wengine. Watoto wenye kifafa hupata wasiwasi na huzuni kuliko wenzao, kwa hiyo wanaulizwa wote, hata asiyeonyesha dalili. Wangu alikuwa ameacha kusoma kwa sauti darasani, akihofia kukatika katikati ya sentensi wamcheke. Walimwandikia mwalimu barua ya nusu ukurasa: asigombezwe, arudiwe maelekezo, asiogelee bila mtu mzima wa kumwangalia.

Sasa lawama. Miadi ya saa tatu, tukaingia saa sita. Simu ya mapokezi inaita mpaka inakata. Chumba cha kusubiria ni cha watoto wadogo tu. Nilimwona kijana mwenye ndevu zinazoanza amekaa kwenye kiti cha plastiki cha chekechea, magoti kifuani, anatazama ukuta wenye sungura. Huyo mkimpoteza msishangae.

Na jambo ambalo hakuna aliyetuonya: gundi ya EEG. Mpelekeni mtoto nywele zikiwa zimeoshwa, bila mafuta, na msimsuke siku hiyo. Sisi tulikwangua siku tatu.