Trekta la Kale la Bustani: Fundi wa Karakana au Mkusanyaji Mzoefu?

Mwenye Cub Cadet ya mwaka 1961 au John Deere 110 ya mwaka 1963 anayetaka kuifufua huwa na milango miwili ya kubisha. Fundi wa injini ndogo ana vifaa vya kuchonga silinda na kupima mgandamizo, tena ukimlipa unaweza kumdai kazi yako. Lakini wengi wao wamezoea mitambo ya kisasa, na akikutana na mfumo wa kuwasha wenye platini (vipande vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili kuleta cheche), anaweza kupendekeza injini mpya, jambo ambalo kwangu ni kuliua trekta lenyewe.

Mkusanyaji wa matrekta ya kale, kwa upande wake, hutambua modeli kwa namba ya utambulisho, hujua kipuri kipi cha trekta jingine kitakubali, na mara nyingi ana mabaki ghalani. Udhaifu wake ni muda: hufanya kazi apendapo, na hana dhamana.

Kwa hiyo ningempa fundi silinda na krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), kazi zinazodai mashine, na mengine yote, kuanzia kabureta hadi rangi, ningeyafanya kwa maelekezo ya mkusanyaji, baada ya kupiga picha kila hatua ya kufungua.