Uzoefu wangu na mshauri wa viza Malindi

Mume wangu anafanya kazi kaskazini mwa Italia kwa kibali halali cha ukaazi, nami nilitaka kumfuata kwa viza ya kuunganisha familia. Hapa Malindi, ambako Waitaliano tumewazoea tangu zama za San Marco, kituo chao cha kurushia satelaiti kule Ngomeni, hakosekani mtu wa kukwambia kwamba ana mjuano ubalozini. Niliyemchagua mimi alinivutia kwa kusema kinyume chake: "Dada, viza hutolewa na ubalozi. Kazi yangu ni karatasi zako tu."

Maombi ya aina hii huanzia Italia, ambako mume ndiye anayeomba kibali kiitwacho nulla osta, akithibitisha kwamba ana kipato na makazi ya kutosha. Mshauri alitueleza wazi kwamba kwa hatua hiyo hatumhitaji, kwa kuwa huko zipo ofisi za patronato zinazowasaidia wahamiaji bila malipo. Kibali hicho kikishatoka hudumu miezi 6, na ndani ya muda huo aliyeko Kenya sharti awe ameomba viza. Kwa hivyo alisisitiza kwamba karatasi za huku zitayarishwe mapema.

Hapo ndipo alipoonyesha ujuzi wake. Karatasi ya nikaha ya msikitini pekee haifai, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa zote, zikiwemo za Kiislamu, zisajiliwe na kutolewa cheti cha serikali. Cheti hicho hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kuthibitishwa, na pia hutafsiriwa kwa Kiitaliano. (Mji huu umejaa wasemaji hodari wa Kiitaliano, hata ufukweni, lakini tafsiri ya jirani haikubaliwi.)

Jambo lililonifanya nione kwamba fedha zangu hazikupotea ni jinsi alivyozitandaza karatasi zangu zote mezani akayasoma majina herufi kwa herufi. Sisi watu wa pwani majina yetu huandikwa jinsi karani alivyoyasikia: Khamis katika cheti cha kuzaliwa huwa Hamisi katika kitambulisho, na jina la babu huweza kuwapo hapa na kukosekana pale. Jina la marehemu baba yangu lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili, nami katika miaka yote hiyo sikuwahi kuulizwa na ofisi yoyote. Alinipeleka kwa wakili nikala kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na hati hiyo ikatafsiriwa pamoja na nyinginezo, ili afisa wa viza akiiona tofauti aone na maelezo yake papo hapo.

Sikuridhika na kila kitu. Ada yake ya shilingi 30,000, ambayo nililipa kwa awamu mbili na kupewa risiti, haikujumuisha gharama za tafsiri, na hilo nililijua baada ya kulipa awamu ya kwanza. Ofisi yake pia ilinihimiza ninunue tiketi ya ndege kupitia kwao kabla viza haijatoka. Nilikataa, na sikuona kwamba kukataa kwangu kulibadilisha namna walivyonihudumia. Ada ya viza yenyewe, yuro 116, ni juu ya mwombaji, na safari ya Nairobi hakuna wa kukufanyia.

Viza nimeipata. Pamoja na pasipoti mshauri alinikabidhi maelekezo ya maandishi, likiwemo sharti la kuanza taratibu za kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 baada ya kuingia Italia, jambo ambalo hata mume wangu alikuwa amelisahau.

Kwa ndoa, watoto au karatasi zenye majina yanayogongana, ningempendekeza mshauri huyu bila kusita, mradi bei yote iandikwe kabla ya kulipa chochote. Kwa viza ya Schengen, yaani ya matembezi ya muda mfupi katika nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 na inayohitaji bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, sioni sababu ya mtu anayeweza kusoma fomu kumlipa mwingine amjazie.