Kikombe cha hedhi kwa mwenye damu nyingi: usiamini saa 12 za kwenye boksi

Maboksi mengi ya vikombe vya hedhi, vile vya silikoni vinavyoingizwa ukeni kukinga damu, yameandikwa kuwa kikombe huvaliwa hadi saa 12 bila kumwagwa. Kwa anayetokwa damu nyingi, hiyo ni ahadi ya siku ya nne na ya tano tu. Siku ya pili, kikombe cha mililita 25 kinaweza kujaa baada ya saa 3 au 4, na kikijaa hakipigi hodi, kinamwaga. Kimwage kabla hakijajaa, kimwage tena unapokwenda kulala, na usiku wa siku nzito vaa pedi ya akiba. Hapo kinafanya kazi vizuri sana: hakichubui mapaja, hakilowanishi ngozi, hakinuki kama pedi iliyokaa.

Ukubwa ndipo wengi wanapokosea. Wauzaji hugawa kwa aliyezaa na asiyezaa, lakini jambo la kuangalia kwanza ni mlango wa kizazi upo umbali gani. Siku za hedhi, osha mikono, ingiza kidole cha kati utafute kitu kigumu kidogo kama ncha ya pua. Ukikigusa kwa pingili ya kwanza, nunua kikombe kifupi na kipana; kirefu kitachungulia nje na kukuchoma ukikaa. Ukikifikia kwa shida, chukua kirefu. Tena mlango ulio chini sana huingia ndani ya kikombe chenyewe na kula nafasi, kwa hiyo mililita 30 za kwenye maelezo huzipati zote.

Kabla ya hedhi kuanza, kichemshe dakika 5 katika maji yanayokifunika. Usiondoke jikoni: maji yakikauka, silikoni inagusa sufuria ya moto na kikombe kimekwisha. Kuingiza, bonyeza ukingo mmoja kwa kidole mpaka uzame ndani. Ncha yake huwa nyembamba kuliko ukikikunja mara mbili. Kiloweshe kwa maji, kielekeze nyuma, upande wa kiuno, wala si juu moja kwa moja. Kisha zungusha kidole kwenye kitako chake. Ukigusa mviringo mtupu, kimefunguka. Ukigusa bonde, bado kimejikunja. Kizungushe kidogo au kishushe kidogo ukirudishe.

Kikivuja, tazama kwanza ndani kuna kiasi gani. Kimejaa? Umechelewa kumwaga. Kipo nusu na bado kinavuja? Ama hakijafunguka, ama mlango wa kizazi umebaki pembeni, nje ya ukingo. Matone machache mara tu baada ya kukiweka si kuvuja, ni mabaki yaliyokuwa njiani. Kuna pia vile vitundu vidogo chini ya ukingo: damu nzito na mabonge huviziba. Kijaze maji, funika mdomo kwa kiganja, minya hadi maji yachuruzike vitunduni. Sabuni iwe isiyo na manukato.

Kutoa nako kuna namna yake. Chuchumaa, sukuma kama unakwenda haja, minya kitako kwa dole gumba na cha shahada ili hewa iingie, halafu kishushe upande mmoja baada ya mwingine. Kukivuta kwa mkia peke yake kunauma, na kwenye siku nzito kunamwaga kila kitu. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango azungumze kwanza na mhudumu wa afya, maana mvuto wa kikombe unaweza kusogeza au kutoa kitanzi hicho.

Homa ya ghafla, kutapika, upele au kizunguzungu ukiwa umekivaa? Kitoe, nenda hospitali hapo hapo. Ni nadra, lakini si jambo la kusubiri asubuhi.

Anayemwaga kila baada ya saa mbili aitazame diski ya hedhi, kisahani laini kinachoingizwa ukeni vilevile. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyotumia damu badala ya maji, diski zilibeba zaidi ya bidhaa zote, wastani wa mililita 61. Kasoro yake ni kwamba kuitoa kunachafua vidole, na pasipo maji karibu ni adha.

Nunua kikombe chenye mistari ya mililita. Kila ukimwaga, andika kiasi na saa. Kwa muda mrefu madaktari wamehesabu zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja kuwa damu nyingi. Jumla yako ikipita hapo, au hedhi ikizidi siku 7, au mabonge yakizidi sentimita 2.5, au ukianza kuhema kwa kupanda ngazi tu, peleka karatasi hiyo kliniki na uombe kupimwa wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma.